Bawa Nililosema Liko Sawa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kwawuka mana, Baba, umeamkaje? Naanza na goti lako kabla ya mengine yote, maana nikikuuliza kwenye simu unasema "iko tu," halafu dada Wakesho ananiambia pembeni kwamba unapanda shamba la juu kwa kushikilia migomba. "Iko tu" si jibu. Safari hii unijibu kwa karatasi, na useme kama ile dawa ya kupaka niliyokutumia unaipaka au umeipanga kabatini pamoja na zile nyingine. Mama naye, kifua chake kimepoa? Ukungu umeanza kushuka mapema mwaka huu, au bado mnapata jua la kuanika mahindi? Na yule ng'ombe mweusi mwenye kiburi, alizaa salama?

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si kwa njaa. Ni baridi ya kazini, mwili unatumia chakula chote kujipasha moto. Usimwambie Mama nimekonda. Mwambie nimenyooka.

Barua hii nimeipitisha kwa Mkanyika, binti wa jirani yetu wa pale chini ya kanisa. Anafanya kazi ya kutunza wazee katika mji wa pili kutoka hapa, na sasa anarudi Werugha kwa likizo. Amekubali pia kubeba lile boksi refu ambalo najua umeshalizunguka mara mbili kulitazama. Anaogopa watamuuliza uwanja wa ndege amebeba nini. Nimemwambia aseme ukweli, kwamba ni bawa la ndege, kisha atulie aone watakavyotazamana.

Usilifungue bado boksi. Soma kwanza hadi mwisho. Na nakuomba usome mwenyewe, Baba. Vaa miwani, kaa kwenye kiti chako cha mlangoni, usimpe Wakesho akusomee. Kuna maneno humu ambayo nataka yafike kwako kabla hayajapitia kwa mtu mwingine. Nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Kazi yangu ni ileile ya ghala la mboga. Ulinisomesha ili nisizeeke nikifunga kabichi za Werugha kwenye magunia, nami nikavuka bahari nikaja Uingereza kufunga kabichi za Wazungu kwenye nailoni. Cheka tu, nitasikia huku. Tofauti ni kwamba za huku tunazifungia ndani ya chumba chenye baridi kuliko nje, tumevaa glavu mbilimbili, na msimamizi anapitapita akitazama saa. Jioni vidole vinakataa kufunga hata kifungo cha shati. Mwaka wa kwanza nililia, sikuwaambia. Siku hizi silii tena, ila sijui kama nimezoea au nimechoka tu kulia.

Kilichonishikilia huku ni kitu ambacho hutakiamini. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa natembea tu nje ya mji, sina pa kwenda, nikasikia ile sauti ya injini ndogo. Nikasimama. Kisha upepo ukaleta ile harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua, harufu ya karakana yako siku ya kujaribu injini, ile Mama aliyokuwa akisema inaingia mpaka kwenye ugali. Nikaruka ua wa watu, Baba, na nguo zangu za kanisa, nikaifuata.

Nikawakuta wazee kama kumi kwenye uwanja wa majani, wamekaa kwenye viti vya kukunja, na angani kuna ndege ya mfano inapita mgongo ukiwa chini, tumbo juu, imenyooka kabisa. Hawa wana sheria yao. Ndege lazima iwe ya mchoro wa zamani, wa enzi ambazo wao walikuwa vijana, na lazima ifanye michezo ileile ya zamani kwa utaratibu wake: kitanzi, kujiviringisha polepole, kupita kichwa chini. Hizi mpya zinazoruka zenyewe kwa akili za kompyuta hawataki hata kuzisikia. Mmoja akirusha, tisa wanakosoa. Ungekaa pale siku nzima, na ungekosoa kuliko wote.

Mmoja wao, Mzee Harold, aliyekuwa fundi wa mabasi kabla ya kustaafu, akaja akaniuliza kama nimepotea.

"Hapana," nikamwambia. "Baba yangu anarusha ndege kama hizi."

Sikusema "alikuwa akirusha." Nilisema "anarusha," na nikaona aibu saa ileile.

Akaniuliza unarushia wapi. Nikawasimulia yote, wakavuta viti. Niliwaambia jinsi ulivyokuwa seremala wa shamba la mkonge kule chini ya Mwatate, na jinsi yule mhandisi mzungu wa shamba, alipokuwa akirudi kwao, alivyokuachia kisanduku chenye injini moja, rimoti na mchoro uliokunjwa mpaka ukachanika mikunjo. Nikawaambia kwamba ile mbao yao nyepesi haipatikani kwetu, na kwamba ulihangaika mwaka mzima na kila mti wa Taita hadi siku uliyokata mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati na kutoa maua mmea ukikaribia kufa, ukaupasua ukiwa umekauka na kukuta ndani ni mwepesi kama mkate. Walicheka wakidhani nawatania. Nilipowaeleza ulivyokuwa ukichonga mbavu za bawa kwa wembe, moja baada ya nyingine, wakaacha kucheka. Mzee Harold akavua kofia yake.

"Huyo baba yako," akasema, "ningependa kukaa naye siku moja tu."

Basi akanipa kona katika gereji yake. Majira mawili ya baridi nimekuwa nikienda kwake kila Jumamosi, kujenga ndege yako, ileile, kutoka kichwani. Nilipochora mbavu kwenye karatasi, Mzee Harold akaitambua mara moja kuwa ni ya mashindano ya ujana wake, bawa lake limevimba sawasawa juu na chini ili iweze kuruka kichwa chini bila kulalamika. Ila kuna mstari mmoja alisema si wa mchoro wa asili, ule mkato kwenye ncha. Nikamwambia huo ni wa baba yangu, alisema ndege ya Taita haiwezi kuwa na ncha butu. Tukauacha ulivyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kabla mkono haujarudi nyuma.

Wiki tatu zilizopita Wakesho aliniambia kwamba shule zikifunguliwa unataka kumpa yule mwalimu wa chuo cha ufundi kile kisanduku chote, injini, rimoti, mchoro, na si hicho tu, hata randa zako na misumeno yako. Nikamuuliza kwa nini.

"Si unamjua Baba," akasema. "Anasema macho yake yaliisha ile siku ya Mwatate. Ati fundi bila macho anaweka vifaa vya nini."

Halafu akanieleza mambo ambayo nyote mlinificha kwa miaka sita. Kwamba hutengenezi tena milango wala vitanda. Kwamba watu wakija unawaelekeza kwa fundi wa Wundanyi. Kwamba siku hizi unapiga misumari ya mabanda ya ng'ombe tu, na ukiulizwa unasema ng'ombe hajui kama ubao umeenda upande. Nilicheka hapo, maana nilikusikia kabisa ukisema hivyo. Kisha nikakata simu nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza nani amekufa.

Baba, macho yako hayakuwa na kosa lolote ile siku. Kosa lilikuwa langu, na nimelijua siku zote.

Unajua mwenyewe kawaida yetu. Kule juu ukungu ukiingia, ile dawa ya kukaza kitambaa cha bawa inageuka nyeupe kama maziwa yaliyokatika, ndiyo sababu mabawa yako yote yalishuka kukaushiwa Voi kwa Shangazi Mghoi. Na sheria yako ilikuwa moja. Bawa likishapakwa dawa linafungwa kwa kamba juu ya ubao ulionyooka, linakaa kivulini siku tatu, na halifunguliwi hata kwa dakika moja. Ulikuwa ukisema mlingoti wa mkonge unakunywa unyevu kuliko mti wowote, na ukiuachia ukauke ukiwa huru utajipinda unavyotaka wenyewe. Kwa hiyo ukanituma nikakae Voi nililinde. Mtu mzima, ndevu zimejaa, kazi yangu kulinda ubao.

Siku ya pili walikuja wageni wa posa ya binti wa Shangazi. Wakaja wengi kuliko walioalikwa, kama kawaida yetu. Meza hazikutosha. Shangazi akasimama uani na sufuria ya pilau mikononi, jasho linamtoka.

"Sasa hii nitaweka wapi jamani?" akasema. "Kwa kichwa yangu?"

Hakuniomba ubao, Baba. Sitaki hata kidogo umfikirie vibaya. Hakujua kama kuna ubao. Ni mimi niliyejipendekeza. Nilisema, "Shangazi ngoja, kuna kitu hapa," kwa sababu nilitaka wale wageni waone kwamba upande wetu nao una kijana wa maana. Nikakata kamba. Nikaliegemeza bawa kwenye pipa la maji kule nyuma, nikaupangusa ubao, nikauweka juu ya kreti na kuutandikia kitambaa. Pilau ya posa ililiwa juu ya ubao wako. Shangazi akasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye kijana," na nikaongezewa nyama.

Wageni walipoondoka nikarudi kule nyuma. Lile pipa lilikuwa likivuja jasho la maji upande mzima, na bawa lilikuwa limeliegemea mchana kutwa. Nililiweka juu ya ubao nikaona ncha ya kushoto imeinuka mbele. Si sana. Unene wa njiti ya kibiriti, labda mbili. Nikalibana kwa kamba mpya, nikakaza mpaka kamba ikanikata kidole, nikajiambia siku iliyobaki itatosha. Siku ya tatu nilipolifungua likaonekana limelala vizuri. Sikulitazama mara ya pili. Niliogopa nitakachoona.

Jumamosi tukakutana uwanjani kwetu, kile kipande kilichoachwa wazi kati ya mistari ya mkonge. Wewe ulishuka na mwili wa ndege kutoka Werugha, mimi nikaja na bawa kutoka Voi. Kama tungekuwa nyumbani ungelifanyia kama siku zote, ungeliweka mlangoni jua la asubuhi likiingia, ungechuchumaa upande wa ndani, ufumbe jicho moja, na kulipitia polepole kutoka ncha hadi ncha bila kupumua. Hakuna pima maji ambayo ingekushinda hapo. Lakini uwanjani hapakuwa na mlango. Ulilishika tu, na badala ya kulitazama bawa ulinitazama mimi.

"Umeiangalia hii bawa?"

"Nimeiangalia, Baba. Iko sawa."

"Kama umeiangalia wewe, mimi sina haja tena," ukasema, ukakaza skrubu.

Watu walikuwa wamesimama pale. Wale wafanyakazi wa mkonge waliokuja kutazama, na yule mwenye duka la Mwatate. Uliyasema maneno hayo kwa sauti ili wasikie. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja uliamini jicho langu kama lako, na uliponiamini nilikuwa nakudanganya.

Ilipaa vizuri. Ukaizungusha mara moja, ukasema, "Inavuta upande kidogo," ukaisawazisha kwa kidole. Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Ningesema tu, "Iteremshe, Baba, kuna kitu nataka kukuambia." Nikakunja mikono nikatazama juu kama wengine. Ukapiga kitanzi cha kwanza, kikubwa, cha taratibu, na wale wafanyakazi wakapiga makofi. Cha pili ukakivuta kwa nguvu, chembamba, kama unavyokipenda. Hapo bawa la kushoto likaanguka ghafla, ndege ikajipindua mara moja na nusu, ikaingia kwenye mkonge. Nilijua sababu kabla haijafika chini.

Ulikataa tukusaidie kuokota. Uliingia peke yako katikati ya ile miiba na gunia, ukatoka na damu kwenye mikono yote miwili. Nyumbani ukamwaga vipande kwenye meza ya karakana, ukazipanga mbavu za kushoto mstari mmoja na za kulia mstari mwingine, ukazitazama kwa muda mrefu sana.

"Nimekata za kushoto vibaya," ukasema. "Macho yangu yameisha, Mwakio."

Mama akasema si macho, ni hiyo miwani ya bei rahisi. Ukatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, na nilikuwa na neno moja tu la kusema. Karatasi zangu za safari zilikuwa zimeshatoka. Nilikuwa naondoka baada ya miezi miwili, na nilitaka niondoke na baraka zako, si na hasira zako. Nikanywa chai. Ulipokuja kuniaga uliniwekea mkono kichwani ukaniombea, nami nikazibeba baraka hizo nikijua nimezichukua kwa uongo. Zimenielemea, Baba. Kila nikifanikiwa jambo dogo huku najiuliza kama lilikuwa langu kweli.

Sikujua kwamba uliacha na milango. Naapa sikujua. Nilidhani uliacha ndege tu, na nikajidanganya kwamba ndege ni mchezo, mtu anaweza kuishi bila mchezo. Kama ningejua kwamba meza na vitanda na milango ya nusu ya Werugha vilikuwa vimesimama kwa sababu ya njiti ya kibiriti niliyoiona na kuinyamazia, nataka kuamini kwamba ningesema mapema. Sina uhakika. Mimi ni mwoga kuliko ulivyonilea.

Nisamehe. Siwezi kulipamba neno hilo.

Sasa kuhusu boksi. Ndege yangu iliruka majira haya ya joto, mara ya kwanza. Ilikwenda vizuri hadi nilipoivuta kwenye kitanzi chembamba. Bawa likaanguka, la kulia safari hii, kwa hiyo hata kasoro yako ya kusingiziwa nilishindwa kuiiga. Niliwahi kuiokoa kwa sababu nilikuwa juu sana, kwa woga. Ilipotua nilikaa chini kwenye majani, na wale wazee wakadhani ni furaha.

Tumelipima, Baba. Mzee Harold ana vifaa vya kila aina, vya kupima pembe, vya kupima unene, hata kile kinachotoa mwanga mwekundu ulionyooka. Wiki tatu tumelilaza na kuligeuza na hakuna aliyeona kitu. Wenzake wakaja nao wakapima, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Nimeliweka mlangoni kama ufanyavyo wewe, nikachuchumaa, nikafumba jicho. Mwanga wa huku hauna makali, umekaa kama maji ya kuoshea vyombo. Lakini si mwanga tu. Nililitazama nikaona bawa. Wewe ungeona ubavu.

Jumamosi ile, baada ya simu ya Wakesho, nilimweleza Mzee Harold kila kitu, pipa na pilau na yote. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Hakunihukumu wala hakunifariji, alikuwa akisugua kitu kwa msasa na akaendelea kusugua. Mwishowe akaniuliza, "Baba yako angefanya nini na bawa hili?"

Nikamwonyesha kwa vitendo, nikachuchumaa pale gerejini na jicho moja nimefumba.

"Basi kwa nini bado liko hapa kwangu?" akasema.

Ndilo hilo lililo ndani ya boksi. Ni vipande viwili vinavyoungana kwa ile fimbo nyembamba iliyofungwa pembeni. Nimelifunga kwa sweta zangu mbili na blanketi la Mkanyika, mrudishie blanketi lake. Kabla hujaliunganisha, liache siku tatu kwenye ubao. Nimeijua sheria sasa.

Vifaa ni vyako, Baba. Ukitaka kumpa mwalimu vyote, mpe, na vijana wa chuo watakuwa na bahati. Ninachoomba ni kwamba usivitoe kwa sababu ya macho. Asubuhi moja ukungu ukishapanda na jua likaingia mlangoni, liweke pale, uchuchumae kama goti litakubali, na kama halikubali kalia kile kigoda kifupi. Lipitie. Kama hutaona kitu chochote, nitanyamaza, na kisanduku kiende. Kama utaona, nipigie simu uniambie ni ubavu wa ngapi na ni kwa kiasi gani, nami nitamwambia Mzee Harold na wazee wake tisa ambao wamekaa na kalamu wakisubiri jibu kutoka Werugha. Nimewaambia wasubiri, na sikuwaeleza kwamba huenda ukawa na hasira nami kiasi cha kulitumbukiza jikoni. Ukilichoma nitaelewa. Ila litazame kwanza.

Msalimie Mama, na umwambie haya yote kwa namna yako, maana unajua kumwambia kuliko mimi. Msalimie dada yangu Wakesho, aliyevunja siri ya nyumba akanitoa gizani. Usimgombeze. Shangazi Mghoi wa Voi naye msalimie sana, lakini habari ya ubao usimwambie kwa simu, atalia. Ngoja mkikutana, na umwambie pilau yake haikuwa na hatia. Binti yake aliyeposwa siku ile nasikia ana watoto wawili sasa, nawasalimia pia, wao angalau ni faida iliyotoka kwenye ubao ule. Mwalimu wa chuo umsalimie, umwombe asubiri kidogo. Na yule fundi wa Wundanyi, mwambie milango ya Werugha itarudi Werugha, yaani kama utakubali.

Nitaweka simu mfukoni hata kwenye chumba cha kabichi, ingawa hairuhusiwi.

Na kuhusu bawa hilo, Baba, ukiniuliza kama nimeliangalia, nimeliangalia. Ukiniuliza kama liko sawa, sijui. Litazame wewe.

Ni mimi mwanao, yule aliyekuambia "iko sawa,"

Mwakio